Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Sikiliza Korido

Msikilizaji, kama umekwama kwenye matatu pale City Stadium, Jogoo Road, au uko dukani Kayole unangoja wateja wa jioni, au umejinyoosha baada ya zamu ya usiku huko Dandora, nipe sikio lako kidogo. Leo nimeleta lalamiko ambalo halikosi kwenye mkutano wowote wa wazazi siku hizi: watoto hawatulii. Mwalimu anasema hawatulii darasani. Mama anasema hawatulii nyumbani. Na mama huyohuyo ukimuuliza ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe aliketi akaisoma barua ya shule kutoka juu hadi chini, anacheka na kubadilisha mada.

Jibu linalotolewa ni moja, nalo hutolewa upesi: ni simu. Ni TikTok, ni betting, ni uvivu wa kizazi hiki. Mzee mmoja hapo nyuma husimama akaongeza kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kesi ikafungwa. Simu sina nia ya kuitetea, nitaifikia. Ila kesi iliyofungwa haraka namna hiyo hunitia shaka, hasa mshtakiwa akiwa mtoto wa miaka kumi na sita na mashahidi wote wakiwa watu wazima.

Twende Pipeline, kule Embakasi. Kwa asiyepajua, ni magorofa ya orofa saba, nane, na zaidi, yaliyosogeleana hadi jua likawa mgeni kwenye vyumba vya chini. Kila orofa ina korido, na kila upande wa korido ni milango inayotazamana, chumba kimoja kimoja. Taa ya korido inawaka saa sita mchana. Fungua mlango mmojawapo. Kuna kitanda, pazia, meko ya gesi, mitungi ya maji imepangwa ukutani, televisheni juu ya stuli. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu amepiga magoti, ameegemeza daftari kwenye godoro, maana meza ndiyo hiyo.

Sasa nyamaza usikilize pamoja naye. Jirani wa kushoto anatazama sinema inayosimuliwa na DJ Afro, na DJ Afro haongei chini chini. Wa kulia ana mtoto mchanga. Kinyozi wa chini ameweka spika mlangoni ili wateja wajue yupo. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la mabati, na leo ni Ijumaa, kwa hiyo kesha limeanza. Koridoni wanawake wawili wanazozana ni zamu ya nani kuosha choo, na kila mmoja anamtaja mwenzake kwa majina ambayo siwezi kuyarudia hewani. Juu ya mlango mita ya stima inalia pii, pii, pii, tokeni zinaisha. Kijana anasoma usanisinuru, kwa Kiingereza. Amesoma mstari mmoja mara nne.

Mtu atasema, mbona sisi tulisoma Makongeni kukiwa na kelele na tukapita? Swali hilo ni la haki na lina jibu, kwa sababu kelele hazifanani. Mwaka 1982 watafiti wawili, Pierre Salamé na Alan Baddeley, walichapisha majaribio ambayo kila keateka wa Nairobi angefaa kusomewa. Watu walionyeshwa tarakimu, wakatakiwa wazikumbuke kwa mpangilio wake. Pembeni kukiwa na mvumo mtupu, hawakutatizika sana. Pembeni kukiwa na sauti ya mtu anayesema maneno, walikosea zaidi, ijapokuwa waliambiwa wazi wasiisikilize, na hata pale maneno yenyewe yalipokuwa hayana maana yoyote. Maelezo yao ni kwamba tunaposhika tarakimu au sentensi kichwani, tunaisema ndani kwa ndani kwa sauti isiyotoka kinywani. Mazungumzo ya nje nayo huingia mahali palepale pa sauti hiyo. Na ikiwa unasoma ili uelewe, maneno yanayokuvuruga kuliko yote ni yale ambayo unayaelewa.

Ndiyo maana mashine ya kusagia unga inaweza kunguruma mchana kutwa na mtoto akafanya hesabu zake kando yake. Ni ngurumo ileile, haina habari. Lakini mama Fulani akianza kumweleza jirani kwa nini amemfukuza shemeji yake, hapo hakuna daftari litakalosomeka. Kijana hakupenda kusikiliza, wala si mmbeya. Sikio halina kifuniko, na akili ya binadamu imeumbwa kufuata maneno ya binadamu.

Nyumba nazo hazifanani. Zile nyumba za zamani za baraza la jiji, mfano wa Kaloleni iliyojengwa miaka ya 1940, zilijengwa chini, na kati yake kukaachwa nyasi na miti. Sisemi maisha yalikuwa mazuri. Walioziweka walikuwa wakoloni waliotaka wafanyakazi karibu na reli na viwanda, na familia zilibanana humo. Lakini ugomvi wa nyumba ya pili ulipaswa kuvuka uwanja kabla ya kukufikia. Leo unavuka tofali moja la inchi sita, na wakati mwingine hata hilo tofali halipo, ni mbao.

Na hasara ya kelele hupimika. New York, mwaka 1975, mwanasaikolojia Arline Bronzaft alichapisha utafiti kuhusu shule moja ya msingi huko Manhattan iliyokuwa karibu na reli ya juu. Upande mmoja wa jengo madarasa yalitazamana na treni, iliyopita kila baada ya dakika chache na kumlazimu mwalimu kunyamaza. Upande wa pili ulikuwa kimya. Shule moja, mtaa mmoja, umaskini mmoja. Walipofika darasa la sita, watoto wa upande wa treni walikuwa nyuma ya wenzao kwa karibu mwaka mzima katika kusoma. Kisha sehemu ninayoipenda: wakuu wa reli wakatia mipira chini ya vyuma, na wenye shule wakatia dari ya kumeza sauti. Bronzaft aliporudi kupima, akachapisha matokeo mwaka 1981, tofauti ilikuwa imeondoka. Hakuna mtoto aliyechapwa, hakuna mzazi aliyeitwa ofisini. Ilikuwa mipira na dari.

Huku kwetu wazazi wengi wamelijua hilo bila kusoma utafiti. Mama wa Umoja Innercore anayeuza mboga hadi saa nne usiku ili alipe karo ya bweni, watu humwambia anakimbia malezi. Mimi naona ananunua kitu anachokijua vizuri sana. Ananunua saa mbili za prepu: dawati, taa isiyozimika, na mwalimu wa zamu anayesema, "Kimya!" Angekuwa na hivyo vitatu umbali wa kutembea kutoka Innercore, pengine angekaa na mtoto wake.

Lakini nisiyafanye mambo kuwa mepesi mno. Nenda Jumapili alasiri Shauri Moyo, uwakute wazee na vijana wameinamia drafti chini ya mti. Ubao ni plaiwudi iliyochorwa kwa kalamu, kete ni vifuniko vya soda, vingine vimegeuzwa chali ili kutenganisha pande. Matatu zinapiga honi, wauza nguo wanaita, watazamaji wanatukana kila kete inayosogezwa vibaya. Mchezaji haonekani kusikia. Kidole kimesimama juu ya kifuniko, macho yanahesabu hatua tano mbele, na mtu huyohuyo kesho kazini ataambiwa hana umakini.

Nimewatazama sana watu hawa, na nadhani kuna mambo kadhaa. Drafti huhesabiwa kwa macho zaidi ya maneno, kwa hiyo makelele hayaigusi sana. Jibu linakuja papo hapo: ukikosea, unaliwa. Na pale hakuna anayethubutu kupokea simu katikati ya mchezo, watazamaji watamfukuza. Uwezo wa kutulia upo Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki mwa Nairobi, tena umejaa. Utauona kwa fundi wa Kariobangi Light Industries akiunganisha chuma, na kwa dereva wa matatu nambari 58 akipenya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Kinachotafutwa ni mahali na muda ambapo uwezo huo hauporwi.

Na kuna mwizi mwingine asiyepiga kelele hata kidogo. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Walikwenda Tamil Nadu, India, kwa wakulima wa miwa ambao mapato yao huja kwa mkupuo baada ya mavuno. Wakawapa majaribio ya akili na umakini mara mbili, kabla ya mavuno wakati mfuko umekauka, na baada ya mavuno wakati pesa ipo. Mkulima yuleyule, elimu yake ileile, alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili haikupungua. Ilikuwa na kazi nyingine.

Hebu ilete habari hiyo Eastlands. Mavuno yetu ni mwisho wa mwezi, kwa mwenye mshahara. Asiye nao huvuna kila jioni akibahatika. Tarehe tano kodi. Isipolipwa, keateka anakuja na kufuli lake, anafunga mlango vitu vikiwa ndani. Umechukua Fuliza, ile huduma ya mkopo wa simu iliyoanza Januari 2019, na kila siku inayopita deni linaongezewa ada. Kuna ile programu nyingine ya mikopo inayokutumia ujumbe saa moja asubuhi, na ya tatu uliyokopa ili ulipe ya pili. Umesimama kwenye mashine kiwandani Industrial Area, msimamizi anakuuliza swali, unamwambia, "Samahani, umesemaje?" Anaandika kwenye faili kwamba huyu hayuko makini. Kumbe uko makini mno, ila hesabu unayoifanya si ya kiwanda. Mia tatu ya maji, mia mbili ya gesi ya kupimiwa, nauli ya kesho, mtoto ametumwa nyumbani kwa karatasi ya mtihani. Unazungusha zilezile, jibu linakataa, unaanza upya.

Sasa simu. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima kwa miaka mingi muda ambao mtu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 ulikuwa wastani wa dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi sekunde 47. Yeye na wenzake waliona pia jambo ambalo mimi limenigusa kuliko hizo sekunde: mtu aliyekatizwa sana na wengine saa hii, saa inayofuata hujikatiza mwenyewe. Hakuna aliyemwita, ila anageuka. Kwa hiyo yule kijana wetu wa Pipeline, hata siku ukimtafutia chumba kimya, atafika na mazoea ya korido kichwani. Mpe muda kabla ya kusema ameshindikana.

Ila ushauri unaoletwa na wataalamu wa mbali, kwamba zima simu, weka droo, kaa nayo mbali, huo umeandikiwa watu wenye mshahara. Mama fua wa Kayole azime simu? Kazi yake yote imo humo. Mteja wa Buruburu hupiga mara moja. Asipopokea, anampigia mwingine. Kijana wa mjengo husubiri fomeni aseme kesho kuna zege wapi. Pesa yenyewe tangu Machi 2007 inakuja kwa M-Pesa, na shule inatuma ujumbe wa karo kwa simu hiyohiyo. Kisha katika sikio hilohilo lililosimama kungoja kazi, wanapita wote: kampuni ya kamari, kampuni ya mikopo, matangazo ya bando. Wameshajua kwamba mtu maskini hawezi kuzima, na wameweka biashara hapo. Hilo nalichukia kuliko dansi zote za TikTok.

Usingizi nitaupitia haraka, kwa sababu mnaujua. Mitaa mingi maji huja kwa mgao, na mara nyingi mgao huo huchagua saa nane usiku. Mtu anaamka, mtungi wa lita 20, foleni, ngazi hadi orofa ya sita, analala saa kumi, saa kumi na moja ni mtoto wa shule aamshwe. Halafu mchana anasinzia kwenye matatu yenye muziki unaotikisa viti, na tunauliza kwa nini kichwa chake kizito. Hapo hapahitaji profesa.

Basi kifanyike nini? Yako mambo madogo ambayo ploti inaweza kukubaliana bila serikali. Ziko ploti ambazo wapangaji wameelewana kwamba kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, msimu wa mitihani, televisheni zinashushwa na mazungumzo yanahamia chini. Haigharimu shilingi. Inahitaji tu mtu mmoja mwenye heshima, mara nyingi ni mama mmoja mzee, apite mlango kwa mlango akiomba. Redio nayo ishushwe, ndiyo, hata hii. Mkurugenzi wangu atanisamehe.

Lakini ploti peke yake haiwezi kumnyamazisha mwenye baa. Hapo kuna sheria, na wengi hawajui kwamba ipo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira ambayo NEMA, mamlaka ya mazingira, huisimamia, zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi, na usiku kisheria huanza baada ya saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Nitajie kona moja ya Umoja iliyowahi kuonja desibeli 35 siku ya Ijumaa. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa leseni kwenye makazi. Tangazo lilisikika sana. Spika nazo bado zinasikika.

Na kuna maktaba. Eastlands ina mbili za umma zilizo matawi ya ile McMillan Memorial ya katikati ya jiji iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa miongo ya kwanza Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Matawi yako Kaloleni na Makadara. Yalikuwa yamechakaa, mpaka shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoingia mkataba na kaunti mwaka 2018 na kuyakarabati. Ingia ile ya Kaloleni mchana, shule zikiwa zimefungwa. Ni nyumba ndogo, wala haina makuu. Watoto wameketi, vitabu viko mbele yao, na kinachokushangaza ni kwamba wametulia. Ni watoto walewale. Wengine ni wale wanaoitwa watundu kwenye ploti zao.

Matawi mawili, kwa Eastlands nzima. Kutoka Kayole hadi Makadara ni nauli, na mtoto hapewi nauli ya kwenda kukaa kimya. Pipeline, pamoja na umati wake wote, ingeweza kujaza maktaba tatu kabla ya saa tisa. Ukumbi wa kanisa unaokaa mtupu Jumatatu hadi Alhamisi, darasa la shule ya msingi linalofungwa saa kumi, vyote vina paa na vyote viko karibu. Kinachokosekana ni taa, mlinzi na mtu wa kushika ufunguo.

Nimalizie kwa jambo ambalo nataka uliandike mahali. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu inayoorodhesha kazi za serikali za kaunti. Fungu la tatu linataja udhibiti wa uchafuzi wa kelele. Fungu la nne linataja maktaba. Yamefuatana, na yote mawili ni kazi ya kaunti. Hakuna haja ya kungoja Rais wala mfadhili. Mkutano wa bajeti ukiitishwa kwenye wadi yako, na sheria inalazimisha wananchi washirikishwe, nenda, ukae mbele, umuulize MCA wako, mwakilishi wa wadi, maswali mawili: ni shilingi ngapi zimetengewa maktaba ya wadi hii, na ni nani anayepima desibeli usiku. Akisema hajui, muulize tena mkutano unaofuata. Nambari yake ya simu unayo. Alikupa mwenyewe wakati wa kampeni.